Kizuka

Katika filamu ya A Ghost Story kuna mwanamke anayekula pai. Mumewe amekufa kwa ajali ya gari karibu kabisa na nyumba yao. Mwenye nyumba amepita wakati mwanamke huyo hayupo, akamwachia pai ya chokoleti na kikaratasi. Mwanamke anarudi, anaiona, anachukua uma, anaketi sakafuni na kuegemea kabati la jikoni, anakula. Anakula kwa karibu dakika tano. Hasemi kitu. Kamera imetulia, haimkaribii wala haimkimbii. Nyuma yake amesimama marehemu mumewe, amefunikwa shuka jeupe lenye matundu mawili meusi ya macho, anamtazama. Mwishowe mwanamke anainuka mbio kwenda msalani na kutapika.

Sijakutana na mtu aliyeiona filamu hii akakosa la kusema kuhusu dakika hizo. Wengine ndipo wanapoanza kuipenda. Wengine ndipo wanapoizima.

Mara ya kwanza niliiona hosteli, Dar es Salaam, mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili. Tulikuwa wanne kitandani, kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa, feni ikituzungushia joto lile lile. Mwenzangu wa chumbani alicheka tangu marehemu alipoinuka mochwari na shuka lake, na hakuacha kucheka. Alisema hilo si jini wala mzimu, hilo ni shuka la hoteli lililoota miguu. Rafiki yetu mwingine hufanya kazi ya kuhariri filamu za Kibongo huko Sinza, na huyo hakucheka. Alikasirika kama fundi anayetazama ukuta uliopinda.

"Mkono wangu ulikuwa unatafuta mkasi," alisema. "Dakika ya kwanza nimeelewa kuwa ana huzuni. Ya pili nimeelewa. Ya tatu ananiona mimi mjinga."

Wa nne wetu ni muuguzi. Alikuwa kimya muda wote, magoti kifuani.

"Wewe umeelewa," alimjibu. "Lakini yeye alikuwa hajamaliza."

Walibishana hadi saa saba usiku. Mimi nilisikiliza tu. Asubuhi nilikuwa bado sijajua niko upande gani, ila nilijua kwamba ningependa kuiona tena mahali pengine, na watu wengine.

Kwa asiyeijua, ni filamu ndogo ya Marekani, iliyotengenezwa Texas kwa takriban dola 100,000. Kwa mahesabu ya huko, fedha hizo ni nauli tu. Mwongozaji wake, David Lowery, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuwatengenezea Disney filamu kubwa ya Pete's Dragon, iliyotoka mwaka 2016. Baada ya kazi hiyo yenye kila kitu, akachukua nyumba moja, shuka moja na waigizaji wawili wakubwa, Rooney Mara na Casey Affleck. Ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2017, na mwaka huo huo Affleck akatwaa Oscar kwa filamu nyingine. Humu uso wake hauonekani kwa sehemu kubwa ya dakika 92. Picha yenyewe ni karibu mraba, pembe zake zimeviringwa kama picha za zamani za albamu. Wahusika hawaitwi kwa majina. Wahakiki wengi waliisifu. Watazamaji wa kawaida waligawanyika huko kwao kama tulivyogawanyika sisi chumbani.

Kuna maelezo mepesi ya mgawanyiko wa namna hii, nami nimeyasikia darasani zaidi ya mara moja: wapo wenye jicho la sanaa, na wapo waliozoea ngumi na mapenzi. Sikubaliani nayo. Rafiki yangu mhariri anaijua filamu kuliko sisi sote tuliokuwa chumbani mle. Anajua kila sekunde inagharimu nini, na anajua mtazamaji wa kwetu amelelewa vipi. Wengi wetu tuliona filamu zetu za kwanza kwenye vibanda umiza, kwenye benchi la mbao, zikitafsiriwa na akina Lufufu waliokuwa hawaachi nafasi hata ya kupumua. Kama mtu kwenye picha alinyamaza, mtafsiri alimsemea. Alimpa jina, akampa ukoo, akampa na deni la kodi ya nyumba. Kimya kilikuwa kasoro ya filamu, na yeye ndiye aliyelipwa kuiziba. Mtu aliyelelewa hivyo akikataa dakika tano za kimya, tusimwambie kwamba hajui kutazama. Anakumbuka mapatano mengine kati ya picha na mtazamaji.

Hata katika fasihi yetu ugomvi huu tunao. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vyembamba visivyo na kisa cha kawaida, wasomaji waligawanyika, na hadi leo katika semina zetu wapo wanaoapa kwa vitabu hivyo na wapo wanaoviona fumbo lisilo na haja. Nimekaa katika semina hizo. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna anayewauliza wale wanaovikataa walikuwa wanatafuta nini walipofungua ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo wakati wa likizo niliibeba filamu kwenye flashi nikaenda nayo nyumbani Tanga.

Nyumbani ni Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nyumba ina watu wawili: mama, na kwa nusu ya kila siku, shangazi, dada mkubwa wa baba, anayekaa barabara mbili kutoka kwetu na ambaye huja na chakula hata siku ambazo mama amepika. Kaka zangu walikuwa na pendekezo. Vyumba viwili vya nyuma, kikiwemo kile alichokuwa akisomea magazeti baba, vipangishwe. Mama hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Shangazi alikuwa amesema hapana kwa niaba ya kila mtu.

Tuliitazama baada ya isha, kwenye televisheni ya sebuleni. Nilikaa katikati nikiwatafsiria, kazi iliyokuwa rahisi maana watu wa filamu hii hawasemi sana. Mwanzoni, wale wawili walipokuwa kitandani wakikumbatiana, shangazi alijishughulisha na kikombe chake. Kisha ikaja mochwari. Mke anasogezwa mbele ya mwili, anautazama, anaufunika tena, anaondoka. Chumba kinabaki kitupu kwa muda. Kisha shuka linaketi.

Nilingoja kicheko. Hakikuja.

"Huyo nani kamwosha?" mama aliuliza.

Nikamwambia filamu haisemi.

"Nani kamswalia?"

"Mama, hao si Waislamu."

"Hata kama. Hawana padri? Maiti anaachwa peke yake juu ya meza, mtu wa kumwombea hayupo, mtu wa kukesha naye hayupo. Kwa nini asiinuke?"

Nilikuwa nimeiona filamu hii mara mbili na sikuwa nimetambua kwamba haina mazishi. Hakuna kaburi, hakuna anayelia kwa sauti, hakuna waliobeba. Kutoka mochwari marehemu anapita kwenye korido za hospitali. Ukutani unafunguka mlango wa mwanga, anausimamia mbele, haingii, unafungwa. Anarudi nyumbani kwa miguu. Mhariri wetu wa Sinza aliona picha ndefu zisizokatwa. Mama aliona kazi ambayo haikufanywa.

Na bila kujua alikuwa amefika kwenye asili yenyewe ya lile shuka. Mzuka wa Kizungu huvaa shuka kwa sababu zamani huko Uingereza watu wengi walizikwa bila jeneza, wamezungushiwa sanda tu. Katika karne ya 17 Bunge lao hata lilitunga sheria kwamba sanda ziwe za sufu, ili kulinda biashara ya sufu ya nchi. Mfu aliyerudi alichorwa na nguo aliyozikiwa. Baadaye sanda zikaachwa, sababu ikasahaulika, na shuka la matundu mawili likabaki kuwa vazi la watoto la Halloween. Ndiyo maana watazamaji wengi wa Marekani walilazimika kwanza kushinda kicheko chao. Mama hakuwa na kicheko cha kushinda. Aliona sanda, na akaona kwamba imetobolewa macho, jambo ambalo halikumpendeza.

Pai ilipofika, sebule ilinyamaza. Nilihesabu pumzi za shangazi. Mwisho wa dakika ya pili, nadhani, alishindwa.

"Watu wako wapi?"

Hakuna aliyemjibu.

"Nauliza, watu wako wapi? Mtu kafiwa juzi. Hana mama? Hana wifi? Analetewa chakula kinawekwa kama cha paka, na aliyeleta kaondoka. Hiyo ndiyo rambirambi?" Alinigeukia. "Zima hii kitu. Hii si huzuni, huu ni ukatili."

Mama alinyoosha mkono, akaushika mkono wangu uliokuwa na rimoti.

"Mwache ale," alisema.

Filamu iliendelea. Mke anahama. Kabla ya kuondoka anaandika kikaratasi, anakisokomeza kwenye ufa wa fremu ya mlango na kupiga rangi juu yake, na mume wake, ambaye hawezi kuiacha nyumba, anabaki akikwangua rangi kwa kidole chini ya shuka. Anahamia mama mmoja na watoto wawili, wanazungumza Kihispania na filamu haiwatafsiri. Mama na shangazi walielewa kila kitu. Mzuka alipowavunjia vyombo, mama alikasirika waziwazi. "Mtu hana adabu. Mama wa watu ana watoto, amekukosea nini?" Kwenye hotuba ndefu ya bwana mmoja katika karamu, kuhusu muziki wa Beethoven na jinsi kila kitu kitakavyokwisha, shangazi alisinzia, na sikumlaumu.

Aliamka kwa bahati katika kipande ambacho hakuna aliyekizungumzia hosteli. Katika nyumba ya jirani kuna mzuka mwingine, shuka lake lina maua. Mara moja wamewahi kupungiana mkono dirishani, na maandishi yakatuonyesha mazungumzo yao: yule wa maua anamngoja mtu, na hamkumbuki ni nani. Sasa matingatinga yamebomoa nyumba zote mbili. Vizuka viwili vimesimama juu ya kifusi. Wa maua anasema anadhani hawatakuja tena. Kisha shuka linaanguka chini, tupu.

Shangazi, aliyekuwa ameikataa filamu tangu mwanzo, alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Maskini," alisema. "Kangoja mpaka kasahau."

Ilipokwisha, saa tano usiku, mama alichemsha chai ya tangawizi. Nilidhani watazungumzia mwisho, ambapo mume hatimaye anakitoa kile kikaratasi, anakisoma na kutoweka, nasi hatuonyeshwi kilichoandikwa. Hosteli tulipoteza nusu saa kwa hilo. Wao hawakuligusa. Walirudi kwenye pai.

"Wifi," shangazi alisema, "ulikuwa unasemaje, mwache ale?"

Mama alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nilikuwa namwonea wivu," alisema.

Itabidi nieleze jambo la lugha hapa. Kwa Kiswahili, neno kizuka lina maana mbili. Ni kiumbe kinachojitokeza, mfu asiyetulia. Na ni mjane aliye katika eda, aliyekaa ndani miezi minne na siku kumi. Husemwa fulani amekaa kizuka. Nimelijua neno hili kwa maana zote mbili tangu utotoni, na katika tasnifu yangu inayohusu wafu wanaorudi katika hadithi za pwani nina aya nzima juu yake. Kwa Kiswahili, basi, jikoni mle mna vizuka viwili, mmoja amesimama na mmoja ameketi na uma. Sidhani kama Lowery angeweza kulijua hilo. Mama ndiye aliyekuwa amelikaa.

Alieleza polepole, akimtazama wifi yake zaidi kuliko mimi. Alisema katika miezi ile minne na siku kumi hakuwahi kubaki peke yake akiwa macho. Mikeka ilitandikwa, uji ukaletwa, watu wakalala naye chumbani. Akilia aliambiwa asubiri, asimkufuru Mungu. Akinyamaza aliambiwa alie, asiweke moyoni. Akikataa kula, kijiko kililetwa mdomoni. Alishukuru, na alisema bado anashukuru, kwa sababu asingeinuka bila watu wale. Lakini kuna kitu alichotaka kukifanya na hadi leo hakijui ni kitu gani, kwa sababu kila alipokaribia kukijua mtu aliingia na sahani.

"Yule mwanamke alikipata," alisema. "Kibaya, kimemtapisha, lakini alikipata. Dakika tano hakuna aliyemwambia pole."

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Mtu mwenyewe mwenye sahani nilikuwa mimi."

"Najua, wifi."

"Na mimi nilifiwa. Yule alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako. Mimi nani aliniletea? Kama nisingekuwa napika, ningekaa wapi? Ningekula pai na nani?"

Sikuwa na tafsiri ya kufanya hapo, na hakuna mtu aliyekuwa ameniomba. Nilielewa tu kwamba swali lake la awali, watu wako wapi, halikuwa la mila. Lilikuwa la mtu ambaye alimzika ndugu yake huku ameshika mwiko, na aliyejiambia kwamba mwiko ule ulikuwa na maana. Filamu ilikuwa imemwonyesha chakula cha msiba kikimtapisha mfiwa. Ingempendezaje?

Nimerudi Dar es Salaam na nimesoma mengi juu ya sinema ya polepole: muda kama malighafi, picha inayomlazimisha mtazamaji kukaa na mwili wa mwingine. Ni maelezo mazuri na nitayatumia. Lakini yanazungumza kama kwamba kuna mtazamaji mmoja mbele ya dakika tano zile, aliye tayari au asiye tayari. Sebuleni kwetu walikuwapo wawili waliomlilia mtu mmoja, katika nyumba moja, wakala sufuria moja, na dakika zile zile zikampa mmoja kitu na zikamnyang'anya mwingine. Hakuna aliyeielewa filamu kuliko mwenzake. Kama ningelazimika kumpa mmoja alama, nisingejua pa kuanzia. Na kadiri ninavyowafikiria, ndivyo ninavyozidi kushuku alama zote, pamoja na zile nyota ambazo watu huzipanga chini ya filamu kana kwamba wote waliketi kwenye kiti kimoja.

Kuhusu vyumba vya nyuma, mama alitoa jibu kesho yake asubuhi, wakati tunachambua mchele. Vipangishwe. Nilimuuliza kama ana uhakika, maana kile chumba cha magazeti bado kina harufu ya baba, ile ya karatasi na mafuta ya mgando.

"Baba yako tulimwosha, tukamsitiri, tukamswalia," alisema. "Hana sababu ya kuwavunjia wapangaji sahani."

Wapangaji wamekwishaingia, walimu wawili wa sekondari. Kabla hawajaingia, chumba kilipigwa rangi. Nilimuuliza mama kwa simu kama kuna kikaratasi alichokiacha ukutani, naye akaniambia nisome vitabu vyangu.

Shangazi bado anakuja kila siku. Mama anasema siku hizi akileta chakula anakiweka mezani, anakifunika kwa kawa, anasema "Haya, wifi," na anaondoka bila kuketi. Mama anakula peke yake, taratibu. Anasema hajui kama wifi yake amemwelewa au amekasirika, na hajapata namna ya kumuuliza.